Ua Lililofichwa Katika Herufi

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Hata hivyo, yako mambo ambayo macho pekee hayatoshi kuyaona. Mfano mmoja ni tulipu, ua la bustanini ambalo Waturuki huliita lale.

Tulipu ni ua la nchi za baridi. Humea kutokana na tunguu lililojificha ardhini, na tunguu hilo lisipopitia majuma kadhaa ya baridi halichanui ipasavyo. Majira ya kuchipua yafikapo, bua huchomoza na aghalabu hubeba ua moja tu. Ua hilo hufunguka jua linapolipasha joto, na hujifumba usiku uingiapo. Kwa mja mwenye kuzingatia, hapo pana kilichozikwa kikafufuka, na bua lililonyooka mfano wa kidole cha shahada. Washairi wa Kiajemi nao waliliona doa jeusi lililomo ndani ya tulipu nyekundu ya mwituni kuwa ni alama ya moto katika moyo wa mpenzi.

Lakini siri kubwa ya ua hili imo katika jina lake. Likiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama ilivyokuwa ada ya Waturuki wa dola ya Uthmaniya, neno lale lina alifu moja, lamu mbili na he moja. Herufi hizo hizo ndizo zinazounda jina Allah, na ndizo zinazounda neno hilali, yaani mwezi mwandamo. Katika hesabu ya abjadi, alifu ni 1, lamu ni 30 na he ni 5. Kila mojawapo ya maneno hayo matatu, basi, hutoa jumla ya 66. Si ajabu kwamba vigae vya msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul, uliojengwa katika karne ya 16, vimejaa tulipu.

Mnamo 1928 Uturuki iliiacha hati hiyo na kuchukua ya Kirumi. Tangu hapo, aandikaye lale na Allah haoni tena herufi zile zile. Ua halikubadilika, kilichotoweka ni ushahidi wa macho.

Hapa ndipo hoja yangu inapotugusa sisi. Utendi wa Tambuka, ambao huwekewa mwaka 1728, ni wa wakati ule ule ambao wanahistoria huuita Enzi ya Tulipu mjini Istanbul (1718-1730). Tulipu haistawi katika joto la Pate, lakini hati aliyoitumia Bwana Mwengo ilikuwa na alifu, lamu na he zile zile. Angeonyeshwa neno lale, angelitambua fumbo lake bila ya mkalimani.

Nasi je? Majuzi semina yetu ya uzamili iliwekewa picha ya ukurasa mmoja wa muswada wa utenzi wa kale. Tulikuwa wanafunzi tisa, na hakuna aliyeweza kusoma hata mshororo mmoja, mimi nikiwemo. Tukaomba nakala ya hati ya Kirumi, kisha tukaendelea kujadili umbo la utenzi ambao umbo lake la asili lilikuwa limetushinda.

Wapo watakaosema kwamba hati ya Kirumi huonyesha irabu za Kiswahili waziwazi zaidi, na kwamba ndiyo iliyokieneza Kiswahili sanifu. Sikanushi. Wengine watasema kwamba hilo ni jambo la dini. La hasha! Mtaalamu wa fasihi hahitaji kusilimu ndipo aijue alifu, kama vile asomaye Kilatini hahitaji kubatizwa.

Ninapendekeza idara zetu zimfundishe kila mwanafunzi wa uzamili wa fasihi hati ya Kiarabu, walau kwa muhula mmoja. Iwapo jina la ua moja linaweza kubeba mengi hivyo, ni mangapi tunayoyapita kila siku katika miswada yetu wenyewe, tukidhani kwamba tumeyasoma?