Uvumi usiwanyime wasichana chanjo

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, imfikie kila msichana anayestahili, na sayansi ndiyo iongoze kazi hiyo, si uvumi.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Tafiti zilizofuatilia waliochanjwa hazikuthibitisha minong'ono kwamba inaleta utasa.

Aidha, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliridhia utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, jambo linalorahisisha utoaji shuleni.

Lakini sindano bila maelezo huzaa hofu. Mwalimu asiyeielewa chanjo hawezi kumwondolea mzazi wasiwasi.

Wahusika wawape walimu mafunzo na wajibu maswali ya wazazi kwa ushahidi, kabla ya siku ya chanjo.