Sarufi Inayotenda Kazi: Mwanaisimu na Ujenzi wa Kompaila

1.0 Utangulizi

Imekuwa mazoea katika idara zetu kuichukulia kompyuta kuwa ni mashine ya kupigia chapa tasnifu tu. Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba mwanafunzi wa uzamili wa isimu hana budi kufundishwa kuandika sarufi katika lugha rasmi ya kompyuta na, zaidi ya hayo, kuijenga mwenyewe kompaila ya lugha hiyo kutokana na msimbo chanzo. Kompaila ni programu inayofasiri maelekezo yaliyoandikwa na binadamu na kuyapa umbo ambalo mashine inaweza kulitekeleza. Msimbo chanzo ni maandishi ya programu kabla ya kufasiriwa. Wapo wanaodai kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta wala si yetu. Tunaona dai hilo halina mashiko.

2.0 Kanuni mbele ya mashine

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa modeli ya mofolojia ya ngazi mbili. Arvi Hurskainen wa chuo hichohicho aliitumia modeli hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya uchanganuzi wake. Leo ipo Foma, kompaila huria ya Mans Hulden iliyoelezwa mwaka 2009. Hiyo hupokea leksikoni na kanuni za kifonolojia, kisha huziunganisha kuwa mtandao mmoja unaoweza kuchanganua maneno na pia kuyazalisha.

Tuchukue mfano mmoja. Tumezoea kufundisha kwamba kiambishi ki- huwa ch- mbele ya irabu: ki-ake ni chake, ki-ema ni chema, ki-ombo ni chombo. Kanuni hiyo ikiandikwa hivyo, kompaila itaipokea bila kinyongo, kisha itazalisha chatu mahali pa kiatu. Mwanafunzi darasani hasumbuki, kwa kuwa masikio yake humsahihishia kanuni kabla haijamdhuru. Mashine haina masikio hayo.

Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kukumbuka kwamba shina la kiatu lilianza na konsonanti l, ambayo baadhi ya lugha za Kibantu zimeihifadhi na Kiswahili kimeidondosha. Ikiwa kanuni ya ch- itatangulia wakati l ingali mahali pake, na udondoshaji ukafuata, tutapata kiatu. Mpangilio ukigeuzwa, nyoka anarudi. Yamkini mwingine atapendelea kuyaorodhesha maneno ya aina hii katika leksikoni kuwa ni mambo ya pekee. Mjadala huo ni halali. Lililo muhimu ni kwamba anayeandika kwa ajili ya kompaila analazimika kuchagua, ilhali anayeandika makala anaweza kujificha nyuma ya maneno “kwa kawaida”.

3.0 Usambara

Haja hii ni kubwa zaidi kwa lugha zetu nyingine. Mtu akipanda kutoka Lushoto hadi Malindi (si ile ya pwani ya Kenya, bali kata iliyo juu ya milima), yumo katika eneo la Kisambaa, lugha yenye toni ambazo Kiswahili hakina. Ruth Besha alichapisha mwaka 1989 uchunguzi wa njeo na hali katika lugha hiyo. Kazi kama hiyo ni msingi wa kanuni zinazoweza kuandikwa leo na kujaribiwa neno kwa neno.

Aidha, milimani humo wanaishi Wambugu. Maarten Mous ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2003 kwamba jamii hiyo ina sarufi moja ya Kibantu na leksikoni mbili sambamba, ya Kimbugu cha kawaida na ya Ma’a, ambayo sehemu yake ina asili ya Kikushi. Dai hilo lina tafsiri ya moja kwa moja katika kompaila: faili moja la kanuni, mafaili mawili ya leksikoni. Pale ambapo faili moja la kanuni litashindwa kuzihudumia leksikoni zote mbili, tutakuwa tumegundua jambo kuhusu lugha yenyewe.

4.0 Kwa nini msimbo chanzo

Itaulizwa: kwa nini mtafiti asichukue programu iliyokwisha kujengwa? Jibu ni kwamba programu iliyojengwa imefungwa kwenye aina fulani ya mashine na mfumo wake. Mashine ikichakaa, au mwenye programu akiacha kuitoa, sarufi ya mtafiti hubaki maandishi yasiyotenda kazi. Mwenye msimbo chanzo huijenga upya, hata akiwa Malindi bila mtandao, mradi zana zote zimo kwenye diski yake. Foma imeandikwa kwa lugha ya C. Inahitaji kompaila ya C pamoja na zana za flex na bison. Linaloshinda wengi ni kutojua ni zana gani inayokosekana. Hilo hufundishika katika kipindi kimoja.

Kompaila ya C nayo ina chimbuko. Ile ya GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, hujengwa kwa hatua tatu: kompaila iliyopo huijenga mpya, hiyo mpya hujijenga yenyewe, kisha hujijenga tena, na matokeo ya hatua ya pili na ya tatu hulinganishwa. Wanaleksikografia wanaifahamu hali hii. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inakieleza Kiswahili kwa Kiswahili, lakini ilitanguliwa na kamusi za lugha mbili, ikiwamo ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kuanza kwa zana ya mwingine si aibu. Aibu ni kubaki hapo.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo chanzo ulikuwa wazi. Lakini kilichofasiriwa pale kilikuwa uso wa programu. Hatua iliyobaki ni ya ndani, nayo inamhusu mwanaisimu kabla ya fundi. Tunapendekeza kwamba kila tasnifu ya mofolojia iambatanishe kanuni zake katika umbo linaloweza kujengwa na kuendeshwa, na mtahini aziendeshe mwenyewe kabla ya kutia sahihi.