Neno la Mhariri: Ijara ya Fundi na Amana ya Mnunuzi

Mintarafu ya mambo yanayozungumzwa siku hizi katika studio za Maganzo, Kahama na Geita, ambako vijana wengi hujipatia riziki kwa kompyuta na simu badala ya sururu na karai, hakuna lililozua mjadala mkali kama hili la programu za sanaa ambazo zamani kila zilipoboreshwa tulizipokea bure, na ambazo leo mtu akitaka toleo jipya huambiwa atoe fedha kwanza. Wako wanaosema kuwa huo ni udhalimu mtupu, maadamu kilichokwisha kutolewa kwa hiari hakirudi kuwa bidhaa. Na wako wengine, nao ni wachache, wanaosema kuwa mwenye mali ana hiari ya mali yake na mnunuzi hana la kudai. Jarida hili lina rai yake, na kwa kuwa toleo zima limetengwa kwa ajili ya sanaa na zana zake, ni wajibu wa mhariri kuitangaza rai hiyo mapema: ni halali fundi alipwe ijara kwa kazi mpya aliyoifanya, hata kama ile ya kwanza aliitoa bure, lakini si halali, kwa bei yoyote iwayo, kazi ya msanii iliyokwisha kukamilika kuwekwa rehani ili malipo hayo yapatikane.

Sisi wa Mwadui tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Tangu Dakta John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoigundua almasi hapa mwaka 1940 na kujenga mji kando ya mgodi wake, vizazi kadhaa vya wafanyakazi vimekaa katika nyumba za kampuni, vikatumia maji na umeme wa kampuni, vikatibiwa katika hospitali ya kampuni, hata mtu aliyezaliwa ndani ya uzio akakua akidhani kuwa vitu hivyo havina bei. Bei ilikuwapo siku zote, nayo ililipwa na almasi. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, soko la almasi lilipoanguka kwa sababu ya maradhi ya korona, mgodi ulisimamishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hapo hata wale ambao hawajapata kushika almasi mkononi walitambua ni nani aliyekuwa akiwalipia siku zote.

Programu ya bure nayo ina mlipaji wake, ingawa aghalabu hatumwoni. Wengi wetu tumesahau kuwa mwezi wa Disemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili fasaha tangu menyu hadi maonyo. Kila aliyeitaka aliipata bila senti, lakini wataalamu wa lugha na wa kompyuta waliokaa wakapima kila istilahi walifanya kazi ile kwa msaada wa fedha za watu wa Sweden. Na Blender, ambayo vijana wa katuni wanaipenda kwa kuwa haidai chochote, ilikuwa mali ya kampuni moja ya Uholanzi iliyokufa mwaka 2002. Mwasisi wake, Ton Roosendaal, akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili wawekezaji waiachie, nao wakazichanga katika muda wa wiki saba, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo programu ikawekwa wakfu kwa umma kwa leseni isiyoweza kutanguliwa. Leo inaendeshwa zaidi kwa michango ya watu na makampuni, na filamu ya Flow ya nchini Latvia, iliyotengenezwa kwa zana hiyo, ilitwaa Oscar mwaka 2025. Basi kijana wa Geita anayeipakua leo kwa bando la usiku anakula jasho la watu waliochanga kabla yeye hajazaliwa. Hapana ubaya wowote katika hilo, mradi asiseme kuwa kazi hiyo haikugharimu kitu.

Wala kazi ya fundi wa programu haiishi siku anapoiuza. Mnunuzi husema, nimelipa mwaka ule, kwa nini nilipe tena. Ilhali kompyuta aliyoinunulia ile programu imebadilika chini yake. Mwaka 2019 Apple ilipotoa mfumo mpya wa kompyuta zake, programu nyingi za zamani zilikataa kufunguka kwa sababu ziliandikwa kwa namna ambayo mfumo ule haukuikubali tena. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa madukani kwetu. Kila mabadiliko ya namna hiyo humrudisha fundi mezani, na mtu anayekaa mezani miezi mingi akirekebisha kazi yake ili iendelee kutufaa, naye ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha.

Lakini sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana bila hicho hoja hii ingekuwa nyepesi. Katika chumba kimoja cha studio pale Maganzo, chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, kijana mmoja aliletewa na mwimbaji wa mbina, ngoma ya Kisukuma, kazi ndogo kabisa: kubadili namba ya simu. Wasomaji wa huku wanajua kuwa video ya nyimbo za Kisukuma haikamiliki bila namba ya mwimbaji kupita chini ya picha, kwa sababu mwenye arusi, au mwenye duara la wachimbaji ambalo limetema madini, huipiga namba hiyo akitaka kumwalika. Mwimbaji alikuwa amebadili laini, na video ilikuwa ya mwaka uliopita. Kijana aliifungua kazi yake katika simu, akaandika namba mpya, akabonyeza ili aitoe. Programu ikamjibu kuwa mapambo aliyoyatumia, ambayo mwaka uliopita yalikuwa ya bure kwa watu wote, sasa ni ya wanaolipa kila mwezi, kwa hiyo hatapewa video mpaka alipe au ayaondoe moja baada ya moja. Picha zile alizipiga yeye, sauti aliirekodi yeye, wachezaji waliopanga mistari miwili uwanjani kwa mavazi yao ni ndugu na jirani zake. Na bado mlango wa kuifikia kazi yake ulifungwa na mtu aliye ghaibu, bila taarifa wala muhula. Alikaa mchana kutwa akiyaondoa. Video ilitoka, lakini haikuwa ile ambayo mwimbaji aliilipia.

Hilo ndilo ninalolikataa, na ningependa msomaji alipambanue na lile ninalolikubali. Kama kampuni ile ingesema kwamba kuanzia mwezi fulani kila kazi mpya itakayotumia mapambo haya italipiwa, na kazi za zamani zitatoka kama zilivyofanywa, nisingekuwa na neno ila kumshauri kijana apange bei zake upya. Aliyemwalika mtu ajenge juu ya kiwanja chake bila kodi anaweza kutoza kodi kwa nyumba zitakazojengwa kesho, lakini hana haki ya kumfungia mjenzi nje ya nyumba aliyokwisha kuiezeka.

Duniani yapo makampuni yaliyopita njia hii kwa adabu na yako yaliyoipita kwa ukali. Adobe, mwaka 2013, ilitangaza kuwa programu zake za picha na uchapaji hazitauzwa tena kwa matoleo mapya ya kununua mara moja, bali zitakodishwa kwa mwezi au mwaka; aliyekuwa na CS6, toleo la mwisho la kununuliwa, aliachiwa CS6 yake, lakini jarida lililopangwa kwa InDesign ya baadaye halifunguki katika ile ya zamani isipokuwa limehamishiwa kwanza katika umbo jingine, na mhariri asiyefanya hivyo kabla kodi yake haijakwisha hujikuta na makabati yaliyojaa asiyoweza kuyafungua. Serif ya Uingereza, yenye programu za Affinity, ilianza kuuza mwaka 2014 na kwa miaka minane wanunuzi wakapewa maboresho yote bila nyongeza, hata mwezi wa Novemba 2022 lilipotoka toleo la pili lenye bei yake. Kelele zilikuwa nyingi. Mimi naona Serif haikumkosea mtu katika bei, kwa kuwa toleo la kwanza liliendelea kufanya kazi kwa kila aliyelinunua, na punguzo la asilimia 40 lilitolewa mwanzoni. Kama ina lawama ni kwamba punguzo lile lilikuwa la watu wote, na kwa upande wa bei mteja wa miaka minane hakutofautishwa na aliyeingia jana. Baadaye, mwaka 2024, Serif ilinunuliwa na Canva ya Australia, na mwishoni mwa Oktoba 2025 Affinity ikarudishwa kuwa bure, isipokuwa zana za akili unde ambazo hulipiwa. Mpiga picha wa Shinyanga na afurahi, lakini akumbuke kujiuliza wanaomlipia ni kina nani na watachoka lini.

Image-Line ya Ubelgiji ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu FL Studio, ambayo wakongwe bado wanaiita FruityLoops, ndiyo programu ambayo prodyuza wengi wa Tanzania walijifunzia kutengeneza biti. Ahadi yao ni moja na haijatanguka: anunuaye mara moja hupewa matoleo yote yajayo maisha yake yote. Toleo la majaribio hukuacha utunge na kuhifadhi, ila ukiifunga kazi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Sharti hilo ni gumu, lakini hutangazwa tangu mwanzo, na siku ya kununua kazi zote za nyuma hufunguka. Mwaka 2023 walipofungua mlango mwingine wa mapato, walianzisha huduma ya FL Cloud kando, na asiyeitaka hakunyang'anywa hata kinanda kimoja. Ahadi ya namna hiyo ni deni. Siku kampuni yoyote iliyoitoa ikijaribu kuigeuza, hata kwa hoja nzuri ya gharama, nitakuwa upande wa mnunuzi bila kusitasita, kwani alilipa bei ya kwanza akiwa ameihesabu ahadi hiyo ndani yake.

Nijuavyo, hata hivyo, prodyuza wengi wa ukanda wetu hawakulipa bei ya kwanza wala ya pili. Programu zao zimekrakiwa, zikapita kwa flashi kutoka Kahama hadi Katoro, pamoja na virusi vyake, na ndiyo maana kila wakijaribu kuapdeti hugonga ukuta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta pamoja na nyimbo, vitabu na michoro, katika kifungu cha ulinzi ule ule. Na mwimbaji anayekwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kulalamika kuwa wimbo wake unauzwa stendi kwa kuingizwa katika simu za watu, ilhali wimbo huo ulirekodiwa kwa programu iliyoibwa, anaidai haki ambayo yeye mwenyewe hajaitoa. Ninalisema kwa uchungu, kwa kuwa ni watu ninaowapenda na kazi zao nazithamini.

Udhuru wao nao ni wa kweli. Toleo la chini la FL Studio limeuzwa kwa miaka mingi kwa dola 99, ambazo ni takriban robo milioni ya shilingi, na toleo hilo halitoshi kwa mtu anayerekodi sauti za waimbaji. Lile linalomfaa hukaribia kuwa maradufu. Tangu Julai 2022 sheria imezitaka pia kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali zitoze Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwenye kulipa kwa mwezi hulipa kwa dola, ilhali mteja wake humlipa kwa shilingi, tena baada ya mavuno. Kadi ya kulipia mitandaoni sasa hupatikana katika simu, hilo si kikwazo tena. Kikwazo ni kwamba bei imepimwa kwa kipato cha London au Chicago, na kampuni zinazotaka tulipe zina dhima ya kuweka bei ya nchi kama hizi zetu, kama zinavyofanya tayari kampuni za filamu na muziki mitandaoni, tena kwa shilingi na ya kununua mara moja.

Katika kurasa zinazofuata msomaji atakuta maelezo ya programu za wakfu, zikiwamo Blender, Inkscape, Krita na Audacity, yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye kompyuta ya mtumba. Na nawaomba walimu wa VETA wa Shinyanga na Geita wayasome kwa nia ya kuyafundisha. Wenye studio nawaomba mambo mawili. Wekeni nakala ya kila kazi katika umbo linalofunguka popote, sauti kwa WAV na video iliyokamilika kwa MP4, kabla hamjamkabidhi mteja, na namba ya simu mwiweke mwisho kabisa juu ya nakala safi. Kisha chagueni programu moja inayowalisha kuliko nyingine zote, mwinunue kwa haki mwaka huu. Mtakaofanya hivyo tuandikieni mmelipa kiasi gani kwa shilingi na mmepata nini, nasi tutazichapa barua zenu katika toleo lijalo.