Kura Tatu Zilikuwa Mtego

Wapo wanaothubutu kuusifu uchaguzi wa 1958 na 1959 kuwa zawadi ya Mwingereza. Zawadi gani hiyo? Kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Waafrika zaidi ya milioni 8 walilinganishwa na Wazungu elfu 20 hivi! Asiyepiga kura zote tatu, kura yake ilitupwa. Januari 1958, mjini Tabora, TANU iliamua kuuingia mtego huo ili kuutegua. Waafrika, wakiwa wengi miongoni mwa wapiga kura, wakawachagua Waasia na Wazungu waliokubali usawa. Demokrasia haikuletwa na hila za mkoloni. Ililetwa na wananchi waliozishinda.