Mcheza Kwao Hutozwa

Lugha yetu ina neno moja lenye sura mbili, na sura hizo ndizo kiini cha lalamiko hili. Ada ni mila, na ada ni malipo. Wazee wa mwambao hawakuzitenganisha. Mwanafunzi aliyekwenda kwa fundi kujifunza kazi alitoa kilichompasa kutoa, na siku ya kuhitimu akamtolea fundi wake kilemba. Malipo yale yalikuwa mila, na mila ilimfunga mpokeaji kama ilivyomfunga mtoaji: fundi aliyepokea chochote alikuwa na deni la kufundisha. Katika elimu ya ngoma ya zama hizi tumebakiwa na sura moja tu. Malipo yapo, mila imezikwa.

Nalitazama jambo hili kutoka Zagayu. Msomaji wa visiwani huenda akauliza Zagayu ni wapi. Ni kata ya Usukumani, iliyokuwa chini ya Bariadi na ambayo leo imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Wala haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi wa karne ya 19 walishuka na misafara hadi Bagamoyo, na nyimbo zao zikashuka nao. Na sisi ambao babu zetu walicheza beni, wakagawanyika Marini na Arinoti, tutawatambua mara moja Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukumani ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande mbili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kadhi wao ni umati: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Mshairi yeyote aliyewahi kujibizana na mwenziwe anaijua mizani hiyo.

Hiyo ni shule, hata kama haina kengele. Ina somo la jembe, bugobogobo, linalofunza mkono, mguu na pumzi kwenda pamoja. Ina mwalimu, yaani ningi, mtunzi na kiongozi wa wachezaji. Ina mtihani, na mtihani wake hauna rufaa.

Sasa tuitazame biashara. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani akitaka kujifunza ngoma za nchi hii, njia imefunguliwa. Ataingia chuoni, atalipa ada ya mgeni, atarudi kwao na cheti, na kesho atafundisha alichojifunza, naye atalipwa. Simlaumu, amekuja kwa adabu na amelipa alichoambiwa. Nauliza tu: katika malipo yale, fungu la Zagayu ni lipi? Chimbuko la somo halimo katika hesabu. Mwenye kisima hapewi hata kata ya maji.

Geuza safari. Tuseme kijana wa Zagayu, mchezaji hodari, anataka kusoma dansi ughaibuni. Kwanza atalipa ada ya maombi. Akikubaliwa, ataambiwa atume fedha za kushika nafasi, na shule nyingi huandika kwa herufi ndogo kwamba fedha hizo hazirudi. Kisha aende Dar es Salaam kuomba viza. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, ambayo ndiyo ya kozi za wiki chache, ilipandishwa hadi euro 90 mwezi Juni 2024, na mwombaji akikataliwa hazirejeshwi. Marekani nayo mwaka 2019 ilipandisha ada ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni kutoka dola 200 hadi 350, nayo hairudi viza ikikataliwa. Dola 350 ni zaidi ya shilingi laki 8. Kwa mkulima wa pamba hizo si nauli ya ndoto. Ni ng'ombe aliyetoka zizini asirudi. Kijana amekataliwa nchi, na bado amelipia kukataliwa kwake.

Na ufadhili? Upo, lakini mara nyingi hufuta ada ya masomo peke yake na kumwachia mwanafunzi tiketi, chumba na chakula. Huo ni ukarimu wa kumwalika mtu karamuni ng'ambo ya bahari na kumnyima mashua.

Tusiwaelekeze vidole wageni tu, maana nyumba yetu nayo inavuja. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, iliwalenga waliofaulu vizuri sana sayansi. Mikopo ya serikali ilipofunguliwa kwa stashahada mwaka 2023, ilianza na fani kama afya, ualimu na usafirishaji. Sina ugomvi na daktari wala mhandisi. Lakini taifa linalopokea kila mgeni rasmi kwa ngoma uwanjani, kisha lisimwone mchezaji pale linapogawa fedha za masomo, limemfanya msanii kuwa pambo la mapokezi.

Wapo watakaonijibu kwamba shule za sanaa zenyewe ni maskini. Ni kweli, na jibu hilo nalipa heshima yake. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kilikaribia kufunga milango mwaka 2019 wafadhili walipopungua na wanafunzi wengi waliposhindwa kumudu ada. Mudra Afrique ya Dakar, iliyoongozwa na Germaine Acogny, ilifunguliwa mwaka 1977 na kufungwa 1982, fedha zilipokauka. Lakini mifano hiyo hainipingi, inanishuhudia. Shule inayoishi kwa mfuko wa mtu wa mbali hufa siku mfuko ule unapofungwa. Shule iliyofungamana na wenye ngoma haiwezi kufa, kwa sababu ngoma haiwangoji wafadhili ndipo ichezwe.

Basi ninachodai ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza. La kwanza: shule yoyote inayopokea fedha za mwanafunzi wa nje iandike kwa herufi kubwa, kabla ya kupokea, kwamba viza ikikataliwa ada ya masomo na fedha za nafasi zitarudi zote. Kiti kilichobaki kitupu kwa amri ya ubalozi hakikumgharimu mwalimu somo. La pili: kila chuo cha nchini kinachomtoza mgeni ada ya juu kitenge sehemu ya ada hiyo kulipia nafasi za vijana wa vijiji vyenye ngoma inayofundishwa, na kiwaite mabaningi kufundisha kwa jina la mwalimu na kwa malipo ya mwalimu, wasiitwe kuonyeshwa kama vinyago. La tatu: wanaogawa mikopo na ufadhili wa umma waiandike ngoma katika orodha ya elimu.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutozwa. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo sana mdomoni, lakini ndani yake mna kijana wa Zagayu aliyeuza ng'ombe akabaki na barua ya kukataliwa. Anayetaka kumtoza na amtoze, ila ajue kwamba aliyepokea ada ameingia katika ada, na deni la mila halifutwi kwa risiti.