Ulinzi wa Pwani Si Siri ya Ikulu

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia Mtwapa hadi Marafa: mambo ya jeshi waachiwe wenye jeshi. Mbunge ni wa basari, barabara na maji. Akiulizia mikataba ya ulinzi, anajitia kimbelembele. Akipanda ndege kwenda kuzungumzia usalama na wabunge wa nchi nyingine, amekwenda kula posho. Imani hii ni potofu, na wanaoilipia ni sisi watu wa pwani.

Tuanze na Shimo la Tewa, gereza lililo ng'ambo tu ya daraja la Mtwapa. Machi 2009 Kenya na Umoja wa Ulaya zilibadilishana barua, zikakubaliana kwamba washukiwa wa uharamia watakaokamatwa na manowari za Ulaya waweze kuletwa kushtakiwa hapa. Juni 2010 chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali kikafunguliwa palepale gerezani. Novemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya uharamia uliofanyika nje ya maji ya nchi. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2012. Karibu miaka miwili ikapotea kwa swali ambalo wabunge walipaswa kulimaliza kabla ya barua zile kutiwa saini.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulifunga mkataba kama huo na Tanzania. Bunge la Ulaya halikusema hayo ni ya wanamaji. Lilikwenda mahakamani Luxembourg kulishtaki Baraza la Umoja huo kwa kutoliarifu mapema na kikamilifu, na Juni 2016 likashinda. Mahakama ilibatilisha uamuzi wa Baraza lakini ikaacha matokeo yake yaendelee. Wawakilishi wa wananchi walipata haki yao, na bahari haikukosa ulinzi.

Twende Ngomeni. Ukisimama ufuoni na kutazama Ghuba ya Ungwana, utaona majukwaa ya chuma ya kituo cha anga cha Waitalia yamesimama baharini kwa miguu yake, na mashua za wavuvi zikipita mbele yake. Hapo ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Anayedhani kituo kile ni cha wanasayansi tu akumbuke kwamba Shirika la Anga la Kenya liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Mkataba mpya wa Kenya na Italia kuhusu kituo hicho ulitiwa saini Trento, Italia, Oktoba 2016. Katiba ya Italia, ibara ya 80, na sheria yetu ya mikataba ya mwaka 2012 zote zinataka mabunge yawe na kauli. Ikiwa karatasi ni ileile, kwa nini kamati ya Nairobi na ya Roma zisiketi pamoja kuipitia, na mvuvi wa Ngomeni akaitwa kusema?

Kisha kuna askari tunaowatuma nje. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia. Bunge lilikuja kuidhinisha yajiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, mwezi Desemba. Novemba 2022 liliidhinisha askari zaidi ya 900 waende mashariki mwa Congo chini ya jeshi la Afrika Mashariki. Kinshasa ilitaka jeshi hilo lipigane na waasi wa M23. Nairobi iliona kazi yake ni kusimama katikati. Desemba 2023 likaondoka. Tofauti kubwa kama hiyo ingefichuka mapema kama wabunge wa pande zote wangekutana na kuulizana maswali magumu kabla ya askari kupanda ndege.

Nitaambiwa vita vina siri. Kweli vina siri: njia za doria, majina ya wapelelezi, saa ya kushambulia. Lakini sababu ya kwenda, gharama, muda na haki za raia si siri. Mficha uchi hazai. Nitaambiwa pia kuhusu posho. Anayekula posho bila kazi adaiwe ripoti. Safari ya kazi isifutwe kwa sababu ya wavivu.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 125, unataka nchi zishirikiane katika ulinzi, na Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha lipo kusimamia mambo ya Jumuiya. Viti vyetu tisa huko visiwe kiinua mgongo cha walioangushwa kwenye uchaguzi. Wapelekwe watu wanaojua kusoma mkataba na kumbana waziri.

Agosti 2027 watakuja Magarini, Malindi na Kilifi kuomba kura. Tuwaulize basari na maji, halafu tuwaulize na hili: ni mkataba gani wa ulinzi umeusoma, na umeujadili na mbunge gani wa nchi ya pili? Asiye na jibu tumnyime kura.