Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Kijana mmoja wa hapa Karurumo alinijia na picha ya mtumbwi mwekundu, mfupi, uliotengenezwa kwa kuchezea mawimbi. Akasema, "Bwana karani, nataka kuununua huu, nishuke nao Mto Tana siku nne, peke yangu." Nilimshauri asitoe fedha zake bado. Sababu zangu nazieleza hapa ili na wengine wanufaike.

Maji ya Thuci yetu huishia katika Tana. Na Tana, ukiisha kupita bwawa la Kiambere, hukutana na miamba na maporomoko, yakiwamo yale ya Adamson kati ya mbuga za Meru na Kora, kabla ya kutulia kuelekea Garissa. Basi yafaa kuchagua mtumbwi kwa ajili ya safari nzima, wala si kwa ajili ya wimbi moja la kujivunia.

Mtumbwi wa kuchezea una urefu wa futi 9 au 10. Hugeuka upesi sana. Lakini ukiupakia hema, chakula na blanketi, huzama kiasi cha kupokea kila wimbi, na katika maji matulivu haushiki njia. Wa safari uwe na futi 13 hadi 15, kingo zake ziwe za juu, na chini yake pawe pamepinda kidogo, ncha zote mbili zikiinuka, upate kugeuka kati ya mawe na kwenda sawa penye utulivu. Plastiki ngumu huteleza juu ya jiwe. Alumini hung'ang'ania jiwe na kubonyea.

Tena, kabla ya kulipa, uinue begani mwenyewe. Penye maporomoko hapana budi kuubeba nchi kavu, na ukikushinda dukani utakushinda zaidi juu ya mwamba, siku ya tatu, umechoka.

Jambo kubwa ni maji kuingia ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtumbwi uliojaa lita 300 una uzito wa kilo 300 zaidi, nao mkondo unausukuma mwambani. Kwa hiyo funga mifuko ya hewa mbele na nyuma, ichukue nafasi ya maji, na mizigo uifunge katikati, chini kabisa. Koti la kuelea na kofia ngumu visikosekane.

Hata hivyo, mtumbwi wa mtu mmoja si safari ya mtu mmoja. Ukinaswa na jiwe, nani atakutupia kamba? Viboko na mamba nao wamo. Nendeni watatu au wanne, kila mtu na mtumbwi wake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Kijana aliitia picha yake mfukoni. Alisema atakwenda kwanza Sagana kujifunza kwa wanaoujua mto, na kwamba atawauliza binamu zake wawili kama watafuatana naye. Nami nikamwambia kwamba sasa anaweza kuanza kuweka akiba.